Jumatatu Sirine alicheza, ruhusa ya mama yake ilikuwa Jumanne

Kengele ya saa moja asubuhi haijamaliza kulia, na mguu wa kulia wa Wassila Mhenni tayari uko kwenye kanyagio. Mkono wa kushoto unavuta lastiki, wa kulia unakiongoza kitambaa cheupe chini ya sindano. Kiuno cha sketi kinazunguka mara moja, uzi unakatwa, sketi inaangukia kikapuni. Hata hatazami. Macho yake yako kwa Dalenda, jirani yake wa cherehani ya pili, anayemsimulia jinsi mkwewe alivyoijaza chumvi kuskusi ya Ijumaa.

"Nyamaza kidogo, unanichanganya," Wassila anamwambia.

"Nikuchanganye wewe? Wewe hata ukilala hiyo mikono itaendelea kushona."

Sketi wanazoshona ni za kuchezea tenisi. Zina kaptula ndani, na kaptula ina kifuko pajani cha kuwekea mpira wa akiba. Zikitoka hapa kiwandani, pembezoni mwa mji wa Ksar Hellal, zinapakiwa kwenye makasha na kusafirishwa Ulaya. Wassila, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ameikalia laini hii ya cherehani zaidi ya miaka ishirini. Mshahara wake ni dinari mia saba na hamsini kwa mwezi, ambazo ni bei ya sketi tatu zikishafika dukani kule ng'ambo.

Wenzake wanamwita Mama Bingwa.

"Zamani walikuwa wananitania, na mimi nacheka," anasema, akiokota sketi nyingine. "Sasa wakiniita naitika tu. Ila ndani panachoma."

Jina hilo limetokana na binti yake, Sirine, mwenye miaka ishirini na miwili, mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Hayumo miongoni mwa wale ambao nyuso zao zinabandikwa kwenye mabango. Duniani yuko kwenye nafasi ya mia nane na kitu, mahali ambapo mtu anafua soksi zake mwenyewe kwenye sinki la hoteli. Lakini analipwa kwa kucheza, na katika mtaa wao hakuna mwingine.

Na mama yake, aliyemlea kwa sindano hii, hajawahi kumwona akicheza mechi hata moja tangu aanze kulipwa.

Wassila anasema hakumpeleka mtoto kwenye tenisi kwa kupenda tenisi. Sirine alipoanza darasa la kwanza shule ilikuwa inatoka saa nane mchana, na yeye anatoka kiwandani saa kumi na moja. Nyuma ya soko palikuwa na viwanja viwili vya manispaa vyenye nyufa, na kocha mmoja, Zouheir, aliyewakusanya watoto mpaka jioni bila malipo na kuwaazima raketi.

"Kama pangekuwa na darasa la kufuma, ningempeleka kufuma," anasema. "Nilichotaka ni mtu mzima wa kumtupia jicho."

Mumewe, Taoufik, wakati huo alikuwa fundi mwashi na hakupendezwa hata kidogo.

"Huo mchezo wa watoto wa madaktari," alikuwa akisema. "Utampeleka, atauzoea, halafu raketi utamnunulia na nini?"

Wassila alimnunulia kwa saa za ziada. Viatu pia, na nauli za kwenda Sousse na Tunis, na nyuzi za raketi ambazo zilikatika, anasema, kama vile kuna mtu anazikata makusudi. Jumapili alikuwa anakwenda kumtazama akicheza na watoto wenzake, akikaa kwenye ukuta mfupi na mfuko wa machungwa. Huko ndiko alikojifunza kuhesabu pointi, na kujua kwamba binti yake akichoka mkono wa nyuma unashuka na mpira unanasa kwenye wavu.

Sirine alipofikisha miaka kumi na minane na kuingia kwenye mashindano ya kulipwa, Jumapili hizo zikaisha.

Mashindano madogo huchezwa karibu kila wiki kwenye hoteli za pwani upande wa Monastir, mwendo mfupi tu kwa treni kutoka Ksar Hellal. Yanaanza Jumatatu au Jumanne na kumalizika Jumapili. Anayeshindwa anafunga begi siku hiyo hiyo.

"Siku yangu mimi ni Jumapili," anasema Wassila. "Na Jumapili wanacheza wale wawili waliobaki. Nikawa namwambia, 'We cheza ufike Jumapili, mimi nitakuja na sambusa za brik za moto.' Tunacheka. Ulikuwa mzaha wetu. Miaka ikaenda, mtoto hafiki Jumapili. Anafika Jumatano, Alhamisi, mara moja Ijumaa. Siku moja namwambia tena hivyo hivyo, akanitazama, akasema, 'Mama, kwani nikishindwa Jumatano mimi si mwanao?'"

Tangu siku hiyo hakurudia tena mzaha huo.

Septemba mwaka jana mambo yalionekana kubadilika. Mashindano makubwa ya wanawake, ya kuonyeshwa kwenye televisheni, yalikuwa yanafanyika pwani, na waandaaji walikuwa na nafasi chache za kuwapa wachezaji wa nyumbani bila kupitia mchujo. Moja akapewa Sirine.

Alimpigia mama yake wakati wa chakula cha mchana. Wassila alipiga kelele, na laini nzima ikajua.

Ndipo ikaanza mipango ya safari. Ukisikia wanawake wa laini hiyo wakiisimulia, utadhani ilikuwa harusi. Dalenda alijitolea kutengeneza kofia, akaishona kwa mabaki ya kitambaa cheupe, na ukingo mpana kwa ajili ya jua. Mwingine akaleta miwani ya mumewe. Walijadili treni ipi isiyochelewa, na kama mtu anaruhusiwa kuingia na chakula.

"Uwanja wa tenisi si bustani ya manispaa, huwezi kutoa sufuria," mmoja alisema.

"Nani kasema sufuria? Mkate, jodari na harisa ya pilipili, basi. Akishinda tutakula, akishindwa tutakula," akajibu Dalenda.

"Na ukinuka harisa mbele ya televisheni?"

"Televisheni ina pua?"

Sirine naye alikuwa na masharti yake, aliyompa mama yake kwa simu. Asipige kelele mpira ukiwa unachezwa. Asimwite jina. Asishangilie mpinzani akikosea, hiyo ni aibu. Familia ya mchezaji inapewa kadi ya kuingilia na kutengewa viti vya mbele, kwa hiyo angemwona vizuri.

"Na nikikutazama, mama, usinifanyie ule uso wako."

"Uso gani?"

"Ule kama wa mtu anayengoja majibu ya hospitali."

Wassila anasema alikuwa anajifunza uso mbele ya kioo cha bafuni, mpaka Taoufik akamuuliza kama jino linamuuma.

Uso alikwisha kuupata. Kilichobaki ni siku. Mechi za mzunguko wa kwanza hugawanywa Jumatatu na Jumanne, na nani atacheza lini hujulikana Jumapili jioni, ratiba inapotoka. Kiwandani, ruhusa huombwa wiki moja kabla, ikiwa na tarehe.

Alimwendea msimamizi wake, Faouzia, mwanamke anayeishi naye mtaa mmoja, ambaye watoto wao wamesoma pamoja.

"Bi Faouzia, naomba siku mbili. Jumatatu na Jumanne."

"Siku mbili, Mama Sirine? Na kontena linaondoka Alhamisi? Unataka nifukuzwe?"

"Ni kwa ajili ya Sirine. Unajua."

"Najua, na namwombea. Nitakupa moja. Ipi?"

"Bado hawajasema."

"Ofisini wanataka tarehe leo. Chagua."

Wassila alimpigia binti yake, na binti akamuuliza kocha. Zouheir alijibu bila kusita kwamba mchezaji wa nyumbani huwekwa Jumanne jioni, ili watu waje kwa wingi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka uliotangulia. Wassila akamwambia Faouzia aandike Jumanne.

Jumapili jioni alikuwa anapiga pasi gauni la kuendea wakati simu ilipolia. Sirine alikuwa tayari kwenye hoteli ya wachezaji.

"Mama, ni kesho. Saa tano asubuhi, uwanja wa pili."

Wassila anasema alishikilia pasi hewani na hakujua aiweke wapi.

"Mama? Utakuja?"

"Nitakuja."

Analisema neno hilo mara mbili anapolisimulia, polepole, kama mtu anayelionja. "Nitakuja. Ningeweza kumwambia, 'Sijui, nitajaribu.' Ningemwambia ukweli angelala akijua. Lakini nilimwambia nitakuja."

Asubuhi alifika kiwandani kabla ya wenzake, gauni limo mfukoni, na kofia juu yake isije ikakunjika. Faouzia alimsikiliza langoni, kisha akaenda naye mpaka kwa Anouar, kijana wa ofisi ya wafanyakazi.

"Ruhusa yako ni ya kesho," Anouar alisema.

"Naomba tubadilishane. Kesho nitashona mpaka usiku."

"Mama, mimi sibadilishi. Ukiondoka leo, umeondoka mwenyewe."

Wassila alielewa maana yake. Mwezi wa Aprili wanawake wawili wa upande wa kukata waliondoka kwenda mazikoni bila ruhusa, na waliporudi walikuta viti vyao vina watu wengine. Nyumbani kwake mshahara ni mmoja. Mgongo wa Taoufik uliharibika akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, na mdogo wake Sirine bado yuko shule.

Alirudi langoni, akampigia mumewe.

"Nenda wewe."

"Mimi? Nikafanye nini huko?"

"Ukae. Akuone tu umekaa."

"Wassila, mimi sijui hata wanahesabu vipi."

"Sijakutuma ukahesabu."

Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye cherehani yake. Anapofika hapa kwenye simulizi yake, sauti yake haipandi wala haishuki.

"Watu wananiambia walinizuia. Bi Faouzia kanizuia, Anouar kanizuia. Lango lilikuwa wazi, dada. Malori yalikuwa yanaingia. Ningeweza kuinuka nikatoka, na kituo cha treni kiko pale. Nilikaa mwenyewe."

Simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye makabati mpaka saa ya chakula. Siku hiyo Dalenda aliificha yake ndani ya soksi, na kuanzia saa tano akawa mtu wa kwenda chooni kila mara. Anarudi, anapita nyuma ya Wassila na kunong'ona.

"Kachukua gemu mbili."

Anaondoka tena.

"Nne kwa nne. Yule mwenzake ni wa Ucheki, ni mrefu kama mnara."

"Umemwona?"

"Picha yake."

Faouzia alipomuuliza ana tatizo gani la tumbo, Dalenda alisema ni jodari wa jana. Faouzia alitazama pembeni. Wote tulijua, anasema Dalenda, na yeye alijua kwamba tunajua.

Seti ya kwanza Sirine alishinda, sita kwa nne. Habari ilipita kwenye cherehani kama upepo, na kuna aliyetoa kigelegele kifupi akakimeza. Wassila alishona viuno vitatu kinyume na ikabidi avifumue. Seti ya pili ilikwenda kwa Mcheki.

Saa sita na nusu kengele ya chakula ililia, na wanawake wakakimbilia makabatini. Walimzunguka Wassila kwenye ngazi za nyuma, mikate mikononi hawaili, wakiangalia tarakimu kwenye simu yake. Hapakuwa na picha wala sauti. Ni namba tu zinazobadilika, na nukta ya kijani pembeni mwa jina la anayeanzisha mpira.

"Kumi na tano, thelathini," alisoma mmoja. "Kwa nini kumi na tano? Si waanze na moja kama watu?"

"Nyamaza."

"Mimi nauliza tu. Mpira mmoja kumi na tano, mbona ghali?"

"Arobaini kwa thelathini. Ni yetu au yao?"

"Yetu," alisema Wassila.

Ilikuwa seti ya tatu. Moja kwa moja, mbili kwa mbili, tatu kwa mbili. Sirine alitangulia, akafikiwa, akatangulia tena. Wassila anasema alikuwa anaiona mechi yote ndani ya zile namba. Alijua ni wapi mkono wa nyuma umeanza kushuka, kwa sababu pointi zilikuwa zinapotea upesi upesi, mbili mbili.

Ilipofika nne kwa nne, kengele ya saa saba ikalia.

Hakuna aliyeinuka. Faouzia alitokea mlangoni, akasimama.

"Jamani," akasema kwa sauti ya chini. "Jamani, twendeni. Yuko Anouar."

Wassila aliweka simu kabatini, akafunga ufunguo, akarudi kazini. Alikuwa ameshona kikapu kimoja na kuanza cha pili Dalenda aliporudi kutoka chooni. Safari hii hakunong'ona. Alikaa kwenye cherehani yake, akavuta kitambaa, akaanza kushona akiwa ameinama sana. Wassila akajua.

"Ngapi?" akauliza.

"Saba kwa tano."

Jioni Taoufik alirudi nyumbani amechomwa jua puani, ana kikombe cha karatasi chenye nembo ya mashindano. Wassila alimketisha jikoni, akamtaka aanze mwanzo.

"Alicheza vizuri," Taoufik alisema.

"Vizuri vipi?"

"Alikimbia sana."

"Na ile gemu ya mwisho?"

"Alipiga nje."

"Nje wapi? Pembeni au nyuma? Kwa mkono upi?"

Taoufik alifikiri. "Nje," akasema. "Yule mtu kwenye kiti cha juu kasema nje."

Alikuwa amejaribu kurekodi kwa simu. Wassila aliitazama video hiyo yote. Kwa dakika kadhaa inaonyesha goti la suruali ya kahawia, na kwa mbali inasikika sauti ya mpira, na mtu akipumua.

Kitu kimoja Taoufik alikiona vizuri, naye akakisema bila kujua anasema nini. Kila mwanzo wa seti, Sirine alikuwa anageuka kuangalia ngazi za kuingilia.

Ruhusa ya Jumanne ilikuwa imeshaandikwa, na kazini nafasi yake ya siku hiyo ilishapewa mtu. Basi Jumanne Wassila alivaa gauni alilokuwa amelipiga pasi, akapanda treni peke yake, akaenda kwenye mashindano ambayo binti yake hayumo.

Kadi ya familia aliyoingilia Taoufik ilikuwa bado na jina la Sirine Mhenni, na langoni walimruhusu. Akauliza uwanja wa pili uko wapi. Akashuka mpaka viti vya mbele, akakaa pale alipodhani mumewe alikaa. Wachezaji wawili wa kigeni walikuwa wanapasha misuli moto, na mmoja wao, anasema, alivaa sketi ya laini yao. Aliijua kwa pindo. Alikuwa hajawahi kuona sketi ile ikikimbia.

Mlinzi kijana alimwendea.

"Mama, samahani. Hapa ni pa familia za wachezaji."

"Mimi ni familia."

"Ya nani?"

"Ya yule wa jana. Aliyetolewa."

Kijana alisoma kadi, akairudisha kwa mikono miwili, kwa heshima. "Basi mama, hii iliisha jana. Panda kule juu, kule unakaa popote."

Alipanda juu. Alikaa mechi mbili nzima, kofia ya Dalenda kichwani, na hakupiga makofi. Wenzake walipomuuliza siku iliyofuata ilikuwaje, aliwaambia palikuwa pazuri, na sketi zinakaa vizuri mwilini.

Sirine alikuja nyumbani Jumatano kuchukua nguo zake za baridi. Mama yake alikuwa ametengeneza brik na mchuzi wa mlokhia, na hakuna aliyekula sana. Mazungumzo yao Wassila anayakumbuka vizuri, kwa sababu yalikuwa mafupi.

"Uliniambia Jumanne," mama alianza.

"Mimi nilikuambia kocha kasema Jumanne. Wewe uliniambia utakuja."

"Wangenifukuza, Sirine."

"Najua."

"Mshahara ni huu mmoja."

"Najua, mama. Naujua huo mshahara tangu nina miaka saba. Kila raketi niliyoshika nilikuwa naambiwa imetoka wapi." Akatazama sahani yake. "Baba hajui hata kupiga makofi wakati gani. Alipiga nilipokosea. Lakini alikuwepo."

Wassila alinyanyua sahani, akaenda kuziosha.

Kilichofuata kilizidi kumtia uchungu. Kwa kushindwa mzunguko wa kwanza tu, Sirine alilipwa fedha ambazo mama yake huzipata kwa kushona karibu mwaka mzima. Wassila alipoambiwa aliomba arudiwe, akidhani hakusikia. Fedha hizo zilimpeleka Sirine Antalya, Uturuki, anakoishi mpaka leo chumba kimoja na mchezaji mwenzake wa Algeria, akicheza mashindano ya huko wiki hadi wiki. Amepanda nafasi kadhaa. Nyumbani hutuma kitu kila mwezi.

"Sasa hivi ninaweza kuondoka hapa na tusilale njaa," anasema Wassila, akionyesha cherehani kwa kidevu. "Sasa. Siku ile nisingeweza, au nilidhani nisingeweza. Sijui."

Siku hizi Sirine humpigia zaidi baba yake. Taoufik amekuwa mtu mwingine. Anakaa mkahawani mbele ya televisheni, anawaeleza wazee wenzake kwa nini hesabu inaanza na kumi na tano, na anakosea. Akimaliza kuzungumza na binti yake humpa mkewe simu, na Wassila huuliza kama amekula, kama kuna baridi. Sirine hujibu kwa upole, namna mtu anavyomjibu jirani mzuri.

"Wanazungumza tenisi, yeye na baba yake," anasema. "Mimi niliyeijua, nauliza habari za hewa."

Faouzia, aliyekubali kuzungumza langoni baada ya kazi, hakupenda kulaumiwa. "Mimi pia nina watu juu yangu," alisema. "Binti yangu alijifungua mtoto wa kwanza mimi niko hapa ndani nahesabu vikapu. Nani aliandika habari yangu?" Kisha, alipokwisha kupiga hatua chache, aligeuka. "Mwambie Sirine namsalimia. Mwambie tuliona namba zake zote siku ile."

Agosti kiwanda hufungwa kwa likizo ya wote. Kwa miaka yote hiyo Wassila ameitumia kupaka chokaa kuta na kukausha pilipili juu ya paa. Mwaka huu amechukua pasipoti, ya kwanza maishani mwake, na imekaa kwenye droo ya leso. Uturuki haimdai viza. Sirine atakuwa na mashindano wiki ya pili ya mwezi huo, na Wassila ameshauliza tiketi ya ndege ya kufika Jumapili moja na kuondoka Jumatatu ya wiki itakayofuata, ili siku zote za kati ziwe zake, za kushinda na za kushindwa.

Alimwambia binti yake kwa simu wiki iliyopita, akiwa amejikaza.

"Njoo ukitaka," Sirine alisema. "Ila mama, usikae mbele."

Wassila anainama, anatia uzi mpya kwenye sindano, anaukata kwa meno.

"Nitakaa mbali," anasema. "Akitolewa Jumatatu nitakuwa nimemwona. Na Jumanne nitaamka, nimpikie, akitaka kula. Mpaka Jumapili nipo. Asiponisemesha, nipo tu."

Dalenda ameshaanza kuuliza kama kofia ile bado ipo. Wassila anamwambia ipo, lakini safari hii atavaa kitambaa chake cha kawaida cha kichwani, ili mtoto akigeuka asipate tabu ya kumtambua.